Turbo, segma au moteri nzima? Magari matatu chini ya mwembe mmoja

Kiangazi kilichopita ua wetu wa Katuba, hapa Lubumbashi, uligeuka garaji. Chini ya mwembe yalilala magari matatu ya diezeli: Hilux yangu, Hilux ya shemeji, na Prado ya jirani yetu mwalimu. Yote yalikuwa yameishiwa nguvu kwenye milima ya njia ya Likasi, yote yalitoa moshi wa buluu, na yote yalikuwa yamepewa hukumu ileile na mafundi wa barabarani: "Papa, moteri ilishakufa, tafuta ingine."

Kila moja ikapona kwa dawa yake. Prado ilibadilishwa turbo peke yake. Yangu ilifunguliwa hadi kwenye kranki (shafti kuu inayozungushwa na pistoni), ikachongwa, ikafungwa upya. Ya shemeji ilivuliwa moteri yote ikavishwa ya mtumba iliyotoka Japani. Kulinganisha ni rahisi kwa sababu magari yote matatu yana moteri ya aina moja, 1KD-FTV, ile diezeli ya Toyota ya lita 3 yenye silinda nne na turbo ya vijipanga vinavyojigeuza. Kilichotofautiana ni ugonjwa, na mfuko wa mwenye gari. (Wenzetu wa Dar na Mombasa husema injini. Huku Lubumbashi ni moteri, na hivyo ndivyo nitakavyoiita.)

Moshi haumtaji mwizi

Moshi wa buluu unakwambia kuwa mafuta ya moteri yanaungua. Haukwambii yamepita wapi. Yanaweza kupanda kutoka chini kupitia segma zilizolika, yaani ringi za pistoni. Yanaweza kuteremka kwenye shina la valvu. Yanaweza pia kuja na hewa yenyewe kutoka kwenye turbo inayovuja. Fundi aliyejifunzia kwenye moteri zisizo na turbo akiona buluu anataja segma kabla hajafungua boneti, na hapo ndipo pesa za watu zinapoanza kupotea.

Moshi mweusi ni habari nyingine: mazutu (mafuta ya diezeli) ni mengi kuliko hewa. Kabla ya kulia, pitisha mkono kwenye mipira inayotoka turbo kwenda intakula (kipoza hewa), na ile ya kutoka intakula kwenda moteri. Mpira ukipasuka upande wa chini, usikoonekana, unamaliza nguvu zote, na dawa yake ni mpira mpya na klipu mbili. Lubumbashi iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia 10 kuliko ya pwani, turbo inalazimika kuzunguka zaidi ili kugandamiza kiasi kilekile, na tundu dogo kwenye mpira utalisikia mguuni mapema.

Sasa vipimo. Nitavieleza kwa mpangilio wa gharama, kuanzia cha bure.

Cha kwanza kinataka kitambaa cheupe tu. Fungua mpira unaotoka kwenye sanduku la filta ya hewa kwenda turbo, ingiza kitambaa ndani, futa ukuta wake. Hapo hewa imeshachujwa, kwa hiyo kitambaa kinatakiwa kitoke karibu kama kilivyoingia. Cha Prado kilitoka na utando wa mafuta, vumbi hakuna. Cha Hilux yangu kilitoka chekundu. Sisemi kichafu, nasema chekundu, rangi ileile inayokaa kwenye kola za mashati yetu tangu Mei hadi mvua zirudi. Nilipotoa filta nikaona ukingo wake wa mpira umejikunja upande mmoja. Klipu ya sanduku ilikuwa imevunjika na mtu ameifunga kwa waya. Mtu huyo ni mimi.

Udongo wetu una chembe za mchanga mgumu, na zikipita hapo zinafanya kazi ya msasa. Zinaanza kula ncha za mapanga ya turbo, halafu zinashuka silindani, zinakaa kati ya segma na ukuta na kusaga huko kutwa. Ukipata kitambaa chekundu usinunue turbo kwanza. Naandika hili kwa uchungu, maana mwaka mmoja kabla nilikuwa nimeibadilisha turbo ya Hilux hiyohiyo, waya ukiwa palepale kwenye sanduku.

Cha pili ni kidole. Moteri ikiwa imepoa, shika nati iliyo katikati ya gurudumu la turbo uisukume. Shafti ya turbo huelea juu ya mafuta, na ikiwa imesimama bila mafuta lazima itacheza kidogo ukiisukuma pembeni. Huo si ugonjwa. Ugonjwa ni panga kugusa ukuta wa nyumba yake, au shafti kwenda mbele na nyuma kiasi cha kidole kusikia. Kitu hiki huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, kwa hiyo nafasi ya unene wa karatasi ni kubwa mno kwake. Fundi aliyemwambia mwalimu "inacheza" hakuwa ametofautisha hayo mawili, ila safari hii alibahatika: ya mwalimu ilikwenda mbele na nyuma kweli, na mapanga yalikuwa yamechora mstari unaong'aa ukutani.

Cha tatu ni kifuniko cha mafuta. Moteri iwe moto, iko relanti (inanguruma bila kukanyagwa), fungua kifuniko ukiache juu ya tundu kimegeuzwa. Moteri nzima itakitikisa. Iliyolika itakirusharusha na kupumua moshi kama sufuria ya bukari (ugali). Lakini hapa kuna mtego ambao umewaponza wengi: turbo iliyochoka inaweza kupuliza gesi kupitia bomba lake la kurudishia mafuta, gesi ikaingia kwenye bakuli la mafuta lililo chini ya moteri, kifuniko kikacheza ngoma huku segma ni nzima. Kifuniko cha Prado kilicheza kuliko changu.

Kwa hiyo hakimu ni kipimo cha nne, kupima uvujaji, na hiki mtu anaweza kukifanya nyumbani kwake. Tunatoa buji ya kupasha moto ya silinda moja, tunafunga mahali pake kiungio cha mpira wa hewa. Tunaizungusha kranki kwa spana mpaka pistoni hiyo iko juu kabisa na valvu zake zote zimefungwa. Tunaweka gia, tunavuta hendibreki, na spana tunaiondoa kwenye kranki, maana hewa ikiingia na pistoni haijakaa sawasawa, kranki itazunguka na spana itatafuta meno ya mtu. Kisha tunaazima kompresa ya mzibaji pancha, tunaingiza bari 5 au 6, tunazima redio, tunasikiliza.

Ukisikia hewa inatoka kwenye tundu la kujazia mafuta, ni segma na kuta. Ikitoka kwenye njia ya kuingizia hewa, ni valvu ya kuingiza. Ikitoka kwenye bomba la moshi, ni valvu ya kutolea. Radiateri ikitoa mapovu, gasketi ya kulasi imeungua, au kulasi yenyewe (kichwa cha moteri) imepasuka. Silinda ya kwanza ya Hilux yangu ilinong'ona. Ya tatu ilipiga mluzi kama nyoka aliyekanyagwa, na mtoto wangu aliyekuwa ameshika tochi akarudi hatua mbili. Silinda zote nne za Prado zilinong'ona tu. Tangu dakika hiyo sikuwa na shaka kuwa mwalimu anahitaji turbo, na mimi nahitaji silinda.

Mwenye geji ya kompresheni ya diezeli aitumie pia. Usiishie kwenye namba kubwa, tazama tofauti: silinda moja ikiachwa nyuma na wenzake kwa bari 5 au zaidi, ndiyo mgonjwa.

Cha tano ni kushusha bakuli la mafuta, na kwa 1KD mimi sikiachi kamwe. Moteri hizi zina kasoro inayojulikana: washa za shaba chini ya enjekteri (zinazopulizia mazutu silindani) zikivuja, masizi ya moto yanapita kuingia kwenye mafuta, mafuta yanakuwa lami, lami inaziba chujio la kunyonyea lililo chini kabisa. Taa ya mafuta itawaka siku moja, na kwa kawaida siku hiyo ni ya mwisho. Ndivyo tulivyoikuta ya shemeji. Chujio lake lilikuwa limezibwa zaidi ya nusu na kitu cheusi kama masalia ya chungu cha sombe (kisamvu), na chini ya bakuli kulikuwa na vipande vyembamba vinavyong'aa. Hizo ni beringi za kranki, tunazoziita kusine. Turbo yake nayo ilikuwa imekufa, ila ilikufa kwa kiu. Ungeiwekea mpya ingekufa kabla mwezi haujaisha.

Onyo moja kabla ya kuendelea. Mazutu kwenye reli ya enjekteri za moteri hizi hufikia mgandamizo wa zaidi ya bari 1,000. Usilegeze bomba lolote la reli moteri ikiwa inanguruma, na usitafute mvujo kwa kiganja. Mazutu hayo hupenya ngozi kama sindano, na hiyo ni kazi ya daktari wa upasuaji.

Turbo peke yake

Hii ni njia ya mwenye silinda nzima, kitambaa safi na bakuli lisilong'aa. Akikosa hata kimoja kati ya hivyo vitatu, asiiguse. Ni nafuu kuliko nyingine zote na ilituchukua siku moja na nusu.

Madukani utapewa chaguo mbili: turbo kamili, au moyo wake tu, yaani sehemu ya katikati yenye shafti na magurudumu mawili, ambayo unaivisha nyumba zako za zamani. Moyo ni wa bei ndogo, na kwa turbo za zamani za kawaida ningeuchukua bila kusita. Kwa hizi za vijipanga vinavyojigeuza naogopa. Vijipanga vyenyewe hukwama kwa masizi, na kikomo chao hupangwa kwenye mashine. Ukikosea, gari litakuwa zito kwenye mizunguko ya chini au turbo itapita kiasi kwenye ya juu. Mwalimu alitaka moyo. Tulipofungua tukakuta vijipanga vinne vimeganda, akakubali kamili.

Kosa linaloua turbo mpya si la turbo. Bomba dogo linaloipelekea mafuta likibaki la zamani lenye masizi ndani, umefunga turbo mpya kwenye mrija ulioziba. Silikoni ikipakwa kwenye gasketi za mafuta, punje yake moja inatosha kuziba njia. Tumia gasketi kavu. Kabla ya kuwasha, jaza mafuta kwenye tundu la turbo kwa mkono, chomoa plagi za enjekteri, piga stata mara tatu nne kwa sekunde kumi kumi mpaka mafuta yafike.

Halafu intakula. Mwaka ule nilipobadilisha ya kwangu sikuiosha, nikaona ni uchafu tu wa ndani. Turbo ya zamani ilikuwa imeimwagia mafuta kikombe kizima. Nilipowasha na kukanyaga kidogo, moteri iliyanywa mafuta yale kama mazutu, ikapanda yenyewe. Nikazima ufunguo, ikaendelea kupanda. Majirani walitoka nje wakidhani ni ndege. Nilikanyaga breki kwa nguvu zote, nikatia gia ya tano, nikaachia klachi, ikajikaba ikafa. Nilikaa ndani ya gari muda mrefu, mikono ikitetemeka. Ya mwalimu tuliiosha kwa mazutu mara tatu, tukaianika jua siku nzima.

Kufungua yako, au kununua iliyofunguka njiani

Hapa ndipo wengi mnapokwama, na ndipo mimi na shemeji tulipobishana wiki nzima.

Tuanze na muda, kwa sababu kwenye muda alinishinda mbali. Moteri ya shemeji ilitoka Jumatatu, mpya-mtumba ikanguruma Jumamosi. Yangu ilichukua wiki tano. Kazi yenyewe haikuzidi siku tisa. Zilizobaki nilikuwa nangoja pistoni, nangoja zamu kwa fundi wa kuchonga, nangoja umeme urudi kwa fundi wa kuchonga. Kama gari ndilo linalokulisha, kama linabeba mizigo Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kila siku ya Mungu, hesabu hizo siku kwa dola kabla hujasikiliza hoja nyingine yoyote.

Kwenye kuchonga, mji wetu una bahati. Tangu kampuni ya madini ya Union Minière ya 1906 mpaka Gécamines ya serikali iliyoirithi, karakana za shaba zimelea vizazi vya watu wanaojua chuma, na leo wazee waliojifunza huko wana mashine zao za kuchongea mitaani, wengine na wanafunzi. Niliyempelekea bloku yangu (mwili wa moteri wenye silinda) hakuangalia karatasi yangu ya vipimo hata kidogo. Aliingiza ukucha wa kidole gumba juu ya silinda ya tatu, akauteremsha polepole, ukakwama kwenye ngazi ndogo pale segma ya juu inapogeukia. "Unasikia? Hapa ndipo ukuta wa kiwandani ulipobaki. Kuanzia hapa chini kote ni shimo." Kisha ndipo akachukua geji, na geji ikakubaliana na ukucha.

Silinda za 1KD zina kipenyo cha mm 96. Tulipanua zote nne kwa nusu milimita, kufuata pistoni za saizi ya juu. Jambo ambalo mzee alinisisitizia: leta pistoni kwanza, ndipo nichonge. Pistoni za maboksi hutofautiana, na kila silinda inachongwa kufuata pistoni yake iliyopimwa, siyo namba iliyoandikwa kwenye boksi. Anayekubali kuchonga kabla ya kuona pistoni, chukua bloku yako uondoke.

Ikirudi, ioshe. Mafuta ya taa hayatoshi, kwa sababu yanaacha unga wa jiwe la kuchongea ndani ya michirizi ya silinda. Ni maji moto, sabuni na brashi, na kile kitambaa cheupe tena: futa silinda mpaka kitambaa kitoke cheupe, kisha paka mafuta papo hapo kabla kutu haijaanza. Nilibadilisha maji mara sita. Baadaye kila segma niliiingiza peke yake silindani, nikaisukuma kwa kichwa cha pistoni ikae sawa, nikapima mwanya wa ncha zake. Karibu na mm 0.3 nilifurahi. Moja niliyoletewa ilikuwa na mwanya unaopitisha ukucha, ikarudi dukani.

Kulasi ni ya aluminiamu. Weka rula ya chuma juu yake na uchungulie mwanga chini yake, halafu tafuta ufa kati ya valvu na valvu. Yangu ilikuwa nzima. Ingekuwa imepasuka ningebadilisha mawazo na kumfuata shemeji sokoni, kwa sababu kulasi nzima iliyokamilika inakula nusu ya bajeti ya kufungua.

Na vumbi? Kufunga moteri chini ya mwembe mwezi wa Agosti ni kujitania. Kuvulia nje sawa, ila kufungia nilihamia ndani. Mke wangu alinitolea chumba cha wageni kwa sharti kwamba harufu itoke kabla ya Krismasi. Bolti za kulasi na za kranki zinakazwa kwa spana ya kupimia nguvu, halafu kwa nyuzi za kuzungusha, kwa mpangilio wa kitabu. Huna spana hiyo na huna wa kumwazima, basi huna ruhusa ya kufungua moteri, nenda kanunue.

Kununua nako kuna elimu yake. Sokoni utaambiwa "moteri ya Hilux, Japani, kilomita kidogo." Hilux haikuuzwa Japani kati ya 2004 na 2017. Kwa hiyo 1KD iliyotoka Japani ilitoka kwenye Prado, Surf au Hiace, na hiyo ndiyo ilikuwa ya shemeji: Hiace, iliyopita Dar es Salaam, Tunduma, Zambia nzima, ikaingilia Kasumbalesa imefungwa kwa kamba juu ya matairi. Ndani ni ndugu wa damu. Nje bakuli la mafuta, mabano na baadhi ya mabomba si yale. Muuzaji hakusema, nasi hatukuuliza. Alhamisi mchana moteri ikiwa inaning'inia tukaona bakuli lake linakwenda kukaa mahali pa ekseli. Ikabidi turudi nyuma, tuoshe bakuli na chujio vya moteri iliyokufa, tuvihamishie kwenye hii. Usiuze mzoga wako kwa wachoma vyuma mpaka moteri mpya imenguruma wiki mbili. Tuliuchukulia bakuli, bano moja la jenereta, mabomba mawili ya maji na plagi ambayo hakuna duka lililokuwa nayo.

Kabla ya kulipa tulifanya yafuatayo palepale kwa muuzaji, moteri ikiwa chini. Tuliizungusha kwa mkono mizunguko miwili kamili kusikia kama inagoma. Tulifungua kifuniko cha mafuta na kuingiza kidole ndani: ukipata lami, kwaheri. Tulishusha bakuli. Tulikuja na kompresa ya kwetu na kiungio, tukapima uvujaji silinda zote nne. Muuzaji wa kwanza alikataa tusifungue kitu, tukaondoka. Wa pili alikataa kwa heshima, tukaondoka kwa heshima. Wa tatu alituletea kiti. Rangi inayong'aa na usafi wa nje usikudanganye, petroli na brashi vinafanya hivyo kwa nusu saa.

Bei sasa. Kwenye karatasi ya kwanza moteri ya shemeji ilikuwa karibu mara mbili ya bajeti yangu ya kufungua. Ila karatasi ya kwanza haina ukweli kwa yeyote kati yetu. Kwangu ziliongezeka beringi zote, pampu ya mafuta, gasketi seti nzima, valvu mbili, turbo (ile ya mwaka mmoja vumbi lilikuwa limeshainoa) na nauli za teksi-moto kwenda kwa mzee. Kwake ziliongezeka mkanda wa taimingi, pampu ya maji, washa za enjekteri, mafuta, winchi ya kukodi na klachi. Mwisho tofauti ilibaki kama robo. Enjekteri alihamisha zake mwenyewe baada ya kupimwa, maana kila enjekteri ina msimbo uliochongwa juu yake na kompyuta ya gari inaujua. Ukiweka nyingine bila kuingiza msimbo wake, moteri itatetemeka na kugonga. Omba pia risiti yenye namba ya moteri. Siku ya kuuza gari au siku ya kusimamishwa barabarani utaihitaji.

Kuhusu winchi: shemeji alitaka kutundika moteri kwenye tawi la mwembe kwa mnyororo, "kama tulivyofanyaka siku zote." Moteri hii na vifaa vyake ina zaidi ya kilo 200, na mti wa mwembe huvunjika bila kutoa onyo. Tulikodi winchi ya miguu. Tawi lile lilianguka lenyewe mvua ya kwanza ya Novemba, juu ya banda la kuku.

Ningechagua vipi kwa wengine? Kranki ikiwa imekwaruzwa vibaya, bloku imetobolewa na pistoni, au kulasi imepasuka, mtumba, bila mjadala. Silinda zimelika lakini kranki inang'aa, fungua yako. Utajua kila nati iliyomo, wakati moteri ya mtumba ni maisha ya mtu mwingine uliyoyanunua bila kuyaona. Upande wa pili wa hoja hiyo, shemeji alinikumbusha, ni kwamba ya kwake ilifungwa kiwandani na yangu ilifungwa kwenye chumba cha wageni. Moteri mpya ya dukani siizungumzii. Kwa bei yake, kwa Hilux ya umri huu, mtu angenunua Hilux nyingine.

Kuna njia ya katikati ambayo hatukuipita sisi lakini nimeiona ikifanya kazi: kununua bloku ya mtumba yenye kranki na pistoni tu, na kuivisha kulasi na enjekteri zako nzima. Inafaa kwa aliye kama shemeji, ambaye juu kwake kulikuwa salama. Inataka utambuzi mwingi zaidi wa vipimo, na gasketi ya kulasi yenye unene unaolingana na urefu pistoni zinavyochomoza.

Miezi mitatu imepita. Prado ya mwalimu haijaongezwa mafuta ya moteri hata mara moja. Yangu nilimwaga mafuta ya kwanza baada ya kilomita 1,000. Yalikuwa na unga wa kijivu mwembamba, kama inavyotarajiwa kwa segma zinazozoeana na ukuta, na ya pili yalikuja safi. Inakunywa kama robo lita kila kilomita 1,000 na inapungua. Sanduku la filta lina klipu mpya, na kitambaa napitisha kila Jumapili kabla ya misa. Ya shemeji inapanda milima ya Likasi vizuri kuliko yangu, sikatai. Ila sili ya nyuma ya kranki alikataa tusiibadilishe wakati moteri iko chini na giaboksi iko mbali. Alisema imetoka Japani, ni nzima. Wiki ya saba akaona tone chini ya gari, wiki ya tisa kikombe. Jumamosi ijayo tunashusha giaboksi, na safari hii winchi analipa yeye.